"Njia" au "Mfuatano" wa Utafutaji?

Miongoni mwa istilahi za kompyuta ipo moja ambayo kosa dogo la tafsiri huweza kuzaa kosa kubwa la kazi. Nayo ni ile itajayo utaratibu ambao hifadhidata huufuata inapotafuta kitu kilichoitwa kwa jina tupu.

Katika PostgreSQL, tangu toleo la 7.3 la mwaka 2002, majedwali na vitendakazi huwekwa ndani ya skima. Skima ni mithili ya kabati katika masijala: makabati mawili yaweza kuwa na majalada yenye jina moja. Tarishi akiagizwa alete jalada la "Watumishi" bila kutajiwa kabati, atayapekua makabati kwa utaratibu aliopewa, na kuleta jalada la kwanza atakaloliona.

Tafsiri ya neno kwa neno hutupa "njia ya utafutaji". Lakini "njia" haidokezi kwamba kilichotangulia ndicho kinachotwaliwa. Kwa hiyo tunapendekeza "mfuatano wa utafutaji".

Tofauti hii si ya maneno matupu. Kipo kitendakazi kinachofanya kazi kwa mamlaka ya mwenye kukimiliki, wala si ya anayekiita. Kisipowekewa mfuatano wake, hufuata ule wa mwitaji. Mwitaji mwenye hila aweza kutunga kitendakazi bandia chenye jina lile lile linalotafutwa, akakiweka katika skima yake na kuitanguliza. Nacho kitatekelezwa kwa mamlaka ya mkubwa. Mwaka 2018 watunzaji wa PostgreSQL walitangaza udhaifu wa jinsi hii.

Dawa yake ipo tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008: kukifunga kitendakazi na mfuatano wake chenyewe, mathalani kwa kuandika SET search_path = mishahara, pg_temp. Skima ya muda, yaani pg_temp, hutajwa mwishoni kwa makusudi, maana isipotajwa hutangulia katika kutafuta majedwali. Kitendakazi kimalizapo kazi, mfuatano wa awali hurejea. Aidha, mtu aweza kutaja jina kamili, kama vile mishahara.watumishi.

Basi mwalimu afundishaye "mfuatano" atakuwa amekwisha kumwonya mwanafunzi wake kabla ya kumweleza hatari yenyewe. Wasomaji wenye pendekezo lililo bora zaidi wanakaribishwa kulitoa.