Ruzuku ya Mtaa Iwe Ngao ya Mwenda kwa Miguu

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Lakini katika barabara za leo mwenda pole aweza kugongwa na mwenda mbio, naye hana kosa ila kukosa mahali pa kuweka mguu.

Wakazi wa Mbugangari, mjini Gisenyi, wanalifahamu jambo hili. Mtaa wao u karibu na mpaka wa Goma, penye kivuko cha Petite Barrière. Kabla ya maradhi ya korona mwaka 2020, makumi ya maelfu ya watu walivuka hapo kila siku: akina mama wenye mizigo kichwani, watoto, waendesha baiskeli, na walemavu wachukuao bidhaa kwa vigari vya magurudumu matatu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani ulimwenguni. Zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Adui mkubwa ni mwendo wa kasi: gari likizidisha mwendo mara mbili, nguvu ya pigo lake huwa mara nne. Kwa hiyo lami peke yake si usalama. Barabara mbovu humzuia dereva. Barabara nzuri isiyo na tuta wala njia ya pembeni humwita akimbie.

FEDHA KIDOGO, KAZI KUBWA

Ulinzi huu haudai fedha nyingi. Jijini Dar es Salaam, shirika la Amend limeyatengeneza mazingira ya shule kwa mpango uitwao SARSAI: njia za miguu, matuta, vivuko vyenye milia, na alama za kuwaonya madereva. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya dola 250,000 kutoka taasisi ya WRI ya Marekani.

Rwanda nayo ina mafunzo yake. Ubudehe, desturi ya kale ya kulima kwa pamoja, ilifufuliwa na serikali mwaka 2001, na jumuiya za wananchi zikapewa ruzuku. Wakazi walikutana, wakachora ramani ya mahali pao, wakataja shida zao, kisha wakachagua ipi itangulie. Mwaka 2008 mpango huo ulipata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya utumishi wa umma. Tena kuna Umuganda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Fedha ikinunua saruji na rangi, mikono ya wananchi itachimba mfereji na kupanga mawe ya volkano, ambayo Gisenyi haiyakosi.

NANI AAMUE?

Hapa ndipo penye mtihani. Mkutanoni, mwenye gari husikika upesi. Mama muuza mboga na mtoto wa shule hawasikiki. Yafaa basi ramani ichorwe na wale watembeao. Waulizwe: ni wapi mnavuka kwa hofu? Mfereji upi usio na kifuniko huwasukuma katikati ya njia? Wenye vigari vya magurudumu matatu nao waulizwe, kwani tuta likijengwa bila kuwaachia upenyo pembeni, wao na wapanda baiskeli watataabika. Tena hesabu ya fedha isomwe hadharani; ruzuku ni amana.

WAJIBU WETU NYUMBANI

Ndugu msomaji, tuta halitoshi pasipo malezi. Nchini Rwanda magari hushika kulia. Basi mwenda kwa miguu, mahali pasipo na njia yake, ashike kushoto ili ayaone magari yanayomjia. Mpanda baiskeli ashike kulia, na usiku awashe taa. Mtoto mdogo ashikwe mkono na kufundishwa kusimama, kutazama pande zote mbili, kisha avuke bila kukimbia. Mavazi meupe humwonyesha mtu gizani.

Mwaka 2019 Polisi ya Taifa ilianzisha kampeni ya Gerayo Amahoro, yaani fikeni kwa amani. Maneno hayo yanatuhusu sisi pia. Askari akivua magwanda jioni ni mzazi kama wazazi wengine, naye akipanda pikipiki ni dereva kama madereva wengine. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, ahudhurie pamoja na mkewe, nao waseme ni wapi mtoto wao anavuka. Njia iliyopangwa na wazazi ndiyo itakayomrudisha mtoto nyumbani salama.