Mawe Yetu Yalikuwa Hai

Apitaye Mji wa Kale wa Mombasa huona kuta, baraza na misikiti. Mimi huona bahari. Jiwe walilojengea wazee wetu, na lililojengewa Fort Jesus kuanzia mwaka 1593, ni tumbawe: kazi ya vidudu vidogo mno, kila kimoja kikitwaa chokaa majini na kujijengea kijumba. Haba na haba hujaza kibaba.

Wataalamu wa miamba hutwambia kuwa jabali hili la pwani liliota yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ikiwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Kisha dunia ikashikwa na baridi kuu, maji yakaganda barafu, bahari ikapwa mita 120 hivi, na tumbawe likabaki nchi kavu. Barafu ilipoyeyuka bahari ikarudi, na matumbawe mapya yakaota.

Hayo mapya ndiyo yanilizayo. Mwaka 1998 maji yalipata joto, mengi yakapauka, yakafa. Changu na tafi hukaa humo, na mawimbi huvunjikia hapo kabla ya kufika ufukoni. Basi enyi manahodha na wavuvi, nanga tusiyatupie: ukuta wa nyumba hujengwa kwa mwaka, wa bahari kwa maelfu.