Tubishane, Lakini Tusivunje Baraza la Bao

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe dukuduku langu kuhusu jinsi sisi wachezaji wa bao tunavyozungumza mambo ya nchi.

Kijijini kwetu tunalo baraza la bao chini ya mwembe. Kila jioni hukutana hapo wakulima, vijana wa bodaboda, wastaafu na sisi walimu. Bao la Kiswahili lina kete 64, na kila mchezaji huanza kunamua akiwa na kete 22 mkononi, kwa hiyo ni mchezo wa hesabu kwelikweli. Hata hivyo midomo haifungwi. Watu hucheza huku wakijadili bei ya mbolea, ushuru na masomo ya watoto.

Jioni moja yalizuka mabishano juu ya lugha ya kufundishia. Jambo hili si geni. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili, na sekondari zikabaki na Kiingereza. Tume iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zianze kuhamia Kiswahili kuanzia 1985, lakini halikutekelezwa.

Mzee mmoja, mwenye bao tunalochezea, alisema sekondari zitumie Kiswahili. Mimi nilipinga. Nilisema mtoto wa mkulima akikosa Kiingereza, mtoto wa mwenye pesa atakipata katika shule ya kulipia, na pengo litazidi. Mzee akashikilia lake. Badala ya kumjibu kwa hoja, nikamwambia mbele ya watu kwamba yeye hakusoma, kwa hiyo mambo ya elimu atuachie wenyewe. Watu wakacheka. Mzee hakunijibu. Alikusanya kete zake, akabeba bao lake, akaenda zake.

Kwa wiki mbili mwembe ulikuwa mtupu. Waliokuwa upande wa mzee walinisalimu shingo upande. Mwishowe nilikwenda kwake kuomba radhi. Alinikaribisha vizuri, kisha akamwita mjukuu wake wa kidato cha kwanza, akamwambia anisomee daftari la baiolojia. Mtoto alisoma bila kukwama. Nilipomwuliza maana ya alichosoma, akainamisha kichwa. Mtoto huyo nilimfundisha mwenyewe darasa la saba, na alikuwa hodari wa sayansi.

Mzee akaniambia: "Mwalimu, hiki ndicho nilichotaka kukueleza siku ile. Ukiniteka kete, nitatafuta nyingine. Ukiniteka utu wangu, nitacheza na nini?"

Ndugu Mhariri, sikubadili msimamo wangu wote. Bado naamini Kiingereza kifundishwe, tena vizuri, kwa mtoto wa kila mtu. Lakini mzee yule alikuwa na ushahidi nyumbani kwake ambao mimi mwenye cheti cha ualimu sikuwa nao, na kwa kiburi changu nilikaribia kuukosa.

Sasa bao limerudi chini ya mwembe, nasi tumewekeana masharti. Kwanza, anayesema aachwe amalize, kama mchezaji anavyoachwa atembeze kete mpaka alale. Pili, ijibiwe hoja, wala isiguswe elimu ya mtu, chama chake, dini yake au kabila lake. Tatu, anayetaka kupinga aeleze kwanza mwenzake amesema nini, na mwenzake akubali kuwa ndivyo alivyosema. Hili la tatu ni gumu kuliko yote, na limepunguza kelele nyingi.

Wapo wanaoshauri kwamba mambo ya nchi yapigwe marufuku barazani, tubaki na kete tu. Siungi mkono. Mikutano ya kijiji haifanyiki kila siku, na wengi wetu hatuna mahali pengine pa kupima mawazo yetu. Tukinyamaza barazani, tutakwenda kunung'unika majumbani, kila mtu na wanaokubaliana naye.

Nawaomba wachezaji wenzangu wa bao, karata na drafti popote walipo: bisheni, lakini mwisho wa mchezo kila mtu aondoke na heshima yake, ili kesho arudi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mpenda Bao.