Msiilaumu Githeri, Ulizeni Ilivyopikwa

Wakikuyu huiita githeri. Wakamba husema isyo, Waluo nyoyo, na katika sehemu kadhaa za Pwani chakula hicho hicho hujulikana kwa jina la pure. Ukivuka mpaka ukaingia Tanzania, wenyeji watakukaribisha makande. Majina ni mengi lakini chungu ni kimoja: mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja hadi yakaiva. Ukiondoa ugali, ni vyakula vichache vinavyoliwa na jamii nyingi kiasi hicho katika Afrika Mashariki. Na ni vichache zaidi vinavyosimangwa kiasi hicho.

Waulize wanafunzi wa shule yoyote ya bweni maoni yao kuhusu githeri, nawe hutakosa kusikia malalamiko. Watakwambia kwamba ni ngumu, haina ladha, hujaza tumbo hewa, na kwamba ni chakula cha mtu asiye na njia nyingine. Si ajabu wakasema hivyo, kwani wengi wao wameijua githeri shuleni kuliko nyumbani. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kusaidia kuwalisha wanafunzi nchini Kenya mnamo 1980. Serikali ikaanzisha mpango wake mwaka wa 2009, na ilipofika 2018 shirika hilo likaikabidhi jukumu hilo. Katika miaka hiyo yote nafaka na mimea ya jamii ya kunde ndizo zilizokuwa nguzo ya sahani ya mwanafunzi.

Rai yangu ni kwamba githeri imehukumiwa bila kusikizwa. Chakula hiki hakina kosa. Kinacholaumiwa na walaji ni matokeo ya hatua zilizorukwa jikoni, hatua ambazo bibi zetu hawakuwahi kuziandika popote kwa sababu mikono yao ilizikumbuka. Hatua hizo zikirukwa, hata punje nzuri kabisa itakuwa adhabu kwa meno na tumbo. Zikifuatwa, chakula cha bei nafuu huwa karamu.

Kabla ya kuzitaja hatua zenyewe, yafaa tuelewane kuhusu neno "kiasili". Mahindi hayakuanzia Afrika. Asili yake ni bara la Amerika, na ndiko yalikotoka pia maharagwe ya kawaida tunayoyanunua sokoni. Kabla ya mazao hayo kuenea, wazee wetu walitegemea mtama, wimbi, kunde, mbaazi na fiwi, zile ambazo wengi wanazijua kwa jina la njahi. Walipopata mbegu ngeni, walizitia katika chungu kile kile na kuzipika kwa ustadi ule ule. Kwa hiyo uasili wa githeri haumo katika mbegu. Umo katika mapishi. Anayedai kuhifadhi chakula cha kiasili huku ameyatupa mapishi yake amehifadhi jina tu.

Hatua ya kwanza ni kuchagua. Ungo haukuwa pambo la ukutani. Nafaka ilipepetwa, ikachambuliwa, na punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu au zilizoota kuvu zikatengwa. Leo wapo wanaomimina gunia sufuriani kama lilivyotoka dukani. Mwaka wa 2004 sumukuvu iliyokuwa katika mahindi ilizuka katika wilaya za mashariki mwa nchi, zikiwemo Makueni na Kitui, na watu 125 wakafariki kati ya 317 waliougua. Ni muhimu wanafunzi wa sayansi waelewe kwamba sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Mahindi yaliyooza hayaponywi na moto. Wakamba, ambao hukoboa mahindi kwa kinu na mchi ili kupata muthokoi, huondoa ganda pamoja na sehemu ya sumu ambayo huenda ikawa humo. Hata hivyo, kukoboa hupunguza tu, hakumalizi. Dawa ni kukausha vizuri, kuhifadhi pakavu, na kuchagua bila haraka.

Hatua ya pili ni kuloweka. Maharagwe na mahindi makavu yalale ndani ya maji usiku kucha, na asubuhi maji hayo yamwagwe. Faida ni mbili. Kwanza, punje iliyokunywa maji huiva kwa muda mfupi zaidi na kwa kuni chache zaidi. Pili, maji hayo huondoka na sehemu ya sukari zile ambazo tumbo haliwezi kuzisaga, na ambazo ndizo asili ya hewa inayolalamikiwa mabwenini. Mpishi anayeamka alfajiri na kumimina maharagwe makavu katika maji yanayochemka amewaandalia wanafunzi darasa la mchana lenye mashaka.

Hatua ya tatu ni kuchemsha kwa mpango. Mahindi makavu huchelewa kuiva kuliko maharagwe, kwa hiyo yatangulie motoni kwa muda wa saa moja hivi. Kipimo kinachofaa aila nyingi ni vikombe viwili vya mahindi kwa kikombe kimoja cha maharagwe, ingawa mwenye maharagwe mengi hakatazwi kuongeza. Maharagwe mekundu yanahitaji tahadhari ya pekee. Yana sumu ya kiasili ambayo huharibiwa na mchemko mkali tu, na punje chache zisizoiva zatosha kumtapisha mtu. Sharti yatokote kwa nguvu dakika 10 angalau, na dakika 30 ni salama zaidi, ndipo moto upunguzwe.

Hapa ndipo wapishi wenye haraka hukimbilia magadi. Ni kweli magadi hulainisha maharagwe upesi, lakini huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni mdomoni. Aliyeloweka hana haja nayo. Jambo jingine ambalo wengi hawalizingatii ni nyanya. Ukali wake huifanya ngozi ya haragwe isilainike, kwa hiyo nyanya na ndimu zingoje hadi punje ziminyike kwa vidole bila kushindana nawe. Aliyezitanguliza asishangae akichochea kuni hadi jioni.

Baada ya hapo kila jamii ina fahari yake. Wengine hukaanga vitunguu hadi vikawa rangi ya dhahabu, wakatia nyanya, viazi na karoti. Mpishi wa Pwani huanza na tui jepesi, kisha humimina tui zito mwishoni kwa moto mdogo ili lisikatike. Katika nyanda za juu, mahindi mabichi, viazi na majani ya malenge yaliyochunwa nyuzi hupondwa pamoja yakawa mukimo. Siri ya mukimo ni kuponda vingali moto, na kama maji yahitajika yawe yale yaliyovichemsha, kwa maana maji baridi huvifanya viazi vinate. Katika mapishi yote hayo, githeri iliyolala na kupashwa moto vizuri siku ya pili huwa tamu kuliko ile ya siku ya kwanza, mradi imehifadhiwa mahali pa baridi.

Wazee waliochanganya nafaka na kunde hawakusoma kemia, lakini kemia imewaunga mkono. Mahindi yana upungufu wa asidi amino iitwayo lisini, ambayo maharagwe yanayo tele. Maharagwe nayo yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi huiongeza. Vikikutana sahanini, mlaji hupata protini inayokaribia ile ya nyama kwa sehemu ndogo ya gharama. Ila tusiharibu kazi hiyo kwa kikombe cha chai. Chai inayonywewa pamoja na mlo huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na mboga. Ingoje saa moja hivi. Chungwa au kachumbari ndiyo inayofaa kuandamana na githeri, kwani vitamini C husaidia ufyonzaji huo.

Mboga zetu nazo zimepata hukumu kama hiyo. Mnavu na mgagani husemwa kuwa chungu, na mrenda husemwa kuwa mtelezi. Waulize Wagusii na Waluo: wao huupika mgagani taratibu, wakautia maziwa, wakaurudisha motoni tena na tena hadi uchungu ukawa utamu. Waluhya huchanganya mrenda na majani ya kunde, kila mmoja ukafunika upungufu wa mwenzake. Asiye na subira huchemsha mnavu na kumwaga maji, na vitamini zake zikaenda na maji hayo. Afadhali auchanganye na mchicha, aoshe majani kabla ya kuyakata wala si baada, kisha atie maziwa kidogo. Hivyo uchungu hupungua bila lishe kutupwa.

Najua pingamizi litakalotolewa. Watasema kwamba mkazi wa mjini anarudi nyumbani jioni, makaa ni ghali, gesi ni ghali, na hakuna wa kukaa jikoni saa tatu. Pingamizi hili ni la haki, na anayelipuuza hajawahi kulipia kuni. Lakini kuloweka hakuhitaji moto wala mlinzi. Isitoshe, upo ufumbuzi wa kale ambao walimu wa sayansi kimu wameufundisha kwa miaka mingi, nao ni kikapu cha kupikia bila moto. Chukua kikapu kipana, kitandike kwa blanketi kuukuu au pamba, na uandae mto wa kukifunika. Chemsha githeri iliyolowekwa kwa nguvu, hata saa nzima kwa mahindi makavu, kisha uitie sufuria iliyofunikwa ndani ya kikapu ukiwa unatoka. Saa nne au tano baadaye utaikuta imeiva, nawe utaichemsha tena kidogo kabla ya kula. Maharagwe mekundu yasiingie kikapuni kabla ya kutokota ipasavyo, kwa sababu joto la wastani haliiui ile sumu.

Lipo pingamizi la pili, zito zaidi. Mapishi haya ya subira yalisimama juu ya migongo ya akina mama na mabinti. Wao ndio waliobeba kuni, waliotwanga na waliokesha. Mtu anayewahimiza wanawake warudi kwenye mafiga huku yeye ameketi akisubiri sahani hatetei utamaduni, anatetea starehe yake. Iwapo ujuzi huu ni mali ya jamii, basi na uwe kazi ya jamii. Mvulana wa kidato cha pili ana mikono ya kuchambua maharagwe sawa na dada yake, na hakuna mila itakayovunjika akiloweka githeri kabla ya kulala.

Hapo ndipo walimu wanapohitajika. Mnamo 2007 Kenya ilianza kazi ya kuorodhesha vyakula vya kiasili, na mimea ipatayo 850 ikaandikwa pamoja na majina yake ya kienyeji. Watoto wa shule za msingi walishirikishwa katika juhudi zilizofuata za kurekodi mapishi ya jamii zao. Mwaka wa 2021 UNESCO iliitambua kazi hiyo kuwa mfano bora wa kuhifadhi urithi. Sifa hiyo ni njema, lakini orodha iliyo kabatini haimlishi mtu. Mwalimu wa Kiswahili aweza kuwatuma wanafunzi wakaandike insha ya maelekezo kuhusu chakula kimoja cha kwao, hatua kwa hatua, pamoja na majina ya vyombo na vitenzi vyake: kupepeta, kuchambua, kukoboa, kuloweka, kutokosa, kuunga. Mwalimu wa sayansi aweza kuwauliza kwa nini haragwe lililotiwa nyanya mapema hukataa kuiva. Somo moja litakuwa limehifadhi lugha, na jingine limehifadhi akili iliyomo ndani ya lugha hiyo.

Nanyi wanafunzi, likizo ikifika, ombeni kukaa karibu na chungu cha bibi au cha babu anayejua kupika, mkiwa na kalamu. Msiulize viungo peke yake, kwani viungo vinajulikana. Ulizeni ni nini hutangulia, ni nini hungoja, na mpishi hutambuaje kwamba wakati umewadia. Kisha pikeni wenyewe, mle, ndipo mtoe hukumu yenu.