Kompyuta yako ikiamka haijui ni saa ngapi: Ipe saa isiyodanganya

Simu yako ikizima chaji usiku na uiwashe asubuhi, inajua ni saa ngapi hata kabla haijapata netiweki. Nani alikuwa akihesabu wakati imezima? Ni saketi ndogo ya saa iliyo ndani yake, inayokula umeme kiduchu hata kila kitu kingine kikilala. Kompyuta za mezani zimekuwa na saa ya aina hiyo tangu IBM PC AT ya mwaka 1984. Umeizoea hadi huioni.

Sasa twende Luanda Kotieno, kule Siaya, feri inapoondokea kuelekea Mbita. Tuseme wewe na wenzako mmefunga kituo kidogo cha hali ya hewa kando ya ziwa: kompyuta ya Raspberry Pi, kipimo cha upepo, paneli ya sola na betri. Intaneti hakuna, data mnaichukua kwa flashi mara moja kwa wiki. Mchana jua linawaka, mambo ni sawa. Usiku betri inaisha, kila kitu kinazima. Stima ikirudi, kompyuta itadhani ni saa ngapi?

Hapo ndipo balaa huanza. Raspberry Pi ya kwanza ilitoka mwaka 2012 bila saa, ili bei iwe chini. Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023 ndiyo iliyokuja na saa yake, na hata hiyo, betri ya saa unanunua kando. Linux nayo huhesabu sekunde kuanzia 1 Januari 1970, saa sita usiku kwa majira ya Greenwich, ambayo hapa Kenya ni saa tisa usiku. Kompyuta isiyo na saa ingeanzia hapo kila inapoamka. Kuepuka aibu hiyo, programu ndogo huandika saa kwenye kadi ya kumbukumbu kila baada ya muda, na kompyuta ikiamka huendelea kutoka pale ilipoachia.

Inaonekana ni ujanja mzuri, lakini fikiria tena. Ukiona rekodi ya 1970 unajua mara moja ni takataka, unaifuta. Rekodi iliyochelewa saa tano haina alama yoyote usoni. Inafanana kabisa na ukweli.

Na kwenye ziwa hili, saa tano si mchezo. Mchana upepo huvuma kutoka majini kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka: upepo hutoka nchi kavu pande zote, ukakutana juu ya maji, na dhoruba nyingi za Ziwa Victoria huzuka kati ya usiku wa manane na asubuhi. Huo ndio wakati wavuvi wa omena wako majini na taa zao, maana omena huvutwa na mwanga gizani. Hatari hiyo ndiyo iliyozaa mradi wa HIGHWAY, ulioongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kuanzia 2017, ili watu wa ziwa wapate tahadhari bora.

Sasa mtu achukue data ya kituo chenu kujua upepo mkali huanza lini. Saa yenu imechelewa saa tano. Dhoruba iliyopiga saa kumi alfajiri itaandikwa kuwa ilipiga saa tano usiku. Mvuvi ataambiwa alfajiri ni shwari.

Dawa ipo. Kuna chipu za saa kama DS3231, inayouzwa ikiwa kwenye kibodi kidogo chenye betri bapa kama sarafu. Ndani yake kuna fuwele inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Gawanya nambari hiyo kwa mbili, mara 15 mfululizo, utapata mpigo mmoja kwa sekunde. DS3231 hupima pia joto lake yenyewe na kujirekebisha, hivyo kati ya nyuzi 0 na 40 haikosei zaidi ya takriban dakika moja kwa mwaka mzima.

Lakini kuifunga tu haitoshi. Keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, haiwezi kuongea na chipu hiyo bila draiva. Draiva ni mkalimani. Tangu 2006 Linux ina utaratibu mmoja kwa saa zote, ulioanzishwa na Alessandro Zummo: wewe mwandishi wa draiva unaleta hasa vitu viwili, njia ya kusoma saa na njia ya kuiweka. Mengine keneli inamalizana nayo. DS3231 tayari ina draiva ndani ya Linux, ile inayoitwa rtc-ds1307, kwa hivyo unaweza kuitumia kama kitabu cha mazoezi kabla ya kuandika ya chipu nyingine.

Ukiisoma utaona mitego ambayo draiva nzuri hukwepa.

Mtego wa kwanza ni tarakimu. Chipu haihifadhi dakika 59 jinsi kompyuta inavyohesabu. Inaweka 5 peke yake na 9 peke yake, bega kwa bega. Ukisoma moja kwa moja bila kugeuza, utapata dakika ya 89. Angalau hiyo utaishtukia.

Mtego wa pili ni kusoma kipande kipande. Tuseme ni saa mbili na dakika 59. Unasoma dakika, unapata 59. Kabla hujasoma saa, wakati unasonga na kuwa saa tatu kamili. Unasoma saa, unapata tatu. Umeunganisha saa tatu na dakika 59, umekosea saa nzima, na hakuna atakayegundua. Ndiyo maana draiva husoma kila kitu kwa mkupuo mmoja, kuanzia sekunde hadi mwaka.

Mtego wa tatu ni nafasi. Kila anayehesabu wakati ana mahali pa kuishia. Wenye mita za tokeni mnalijua hili: tokeni hubeba hesabu ya dakika iliyoanza 1993, na nafasi yake ilijaa 24 Novemba 2024, ndiyo sababu Kenya Power iliwataka wateja waingize tarakimu maalum kwenye mita zao mapema. Mifumo inayohesabu sekunde kwa biti 32 kwa mtindo wa zamani itafika ukingoni 19 Januari 2038. Kwetu itakuwa saa 12 na dakika 14 asubuhi.

Mtego wa nne ndio mkubwa, na ndio unaotenganisha draiva nzuri na mbovu. Betri ya saa nayo hufa. Fuwele ikisimama, chipu huinua alama, biti moja tu, kusema: nilisimama, msiniamini. Nambari zilizobaki ndani bado zinasomeka vizuri, zina tarehe na dakika. Draiva ya mtu mvivu huzisoma na kuzipeleka juu. Draiva nyingi za saa ndani ya Linux zikikuta alama hiyo hukataa na kurudisha kosa. Yaani keneli inaambiwa wazi: sijui ni saa ngapi. Mpaka mtu aweke saa sahihi, ndipo alama inafutwa.

Kujibu "sijui" kunaudhi, kweli. Kituo kitakaa siku nzima bila saa ya kuaminika, na mtakuwa na pengo kwenye data. Lakini pengo linaonekana, na anayeandaa tahadhari ataliruka. Saa ya uongo ataihesabu pamoja na zile za kweli.

Kwa hivyo uko Maseno, Bondo au mtaani Kisumu na una kibodi kama hicho mkononi, usiishie kufurahi kwamba saa inaonekana kwenye skrini. Ifanyie jaribio moja. Weka saa, chomoa stima, chomoa na ile betri ya sarafu. Subiri dakika kumi. Rudisha vyote, kisha iulize ni saa ngapi. Ikikujibu kwa ujasiri bila onyo lolote, usiipeleke ziwani bado. Fungua draiva, tafuta inachofanya na ile biti, na uanzie kazi hapo.