Fahamu: Leilani, jina la Hawaii linalovuma Marekani

Leilani ni jina la kike la Kihawaii. Katika miaka ya 2020 limo miongoni mwa majina 100 yanayopewa zaidi watoto wa kike nchini Marekani.

Lina maana gani?

*Lei* ni koja la maua linalovaliwa shingoni. *Lani* ni mbingu, na zamani neno hilo liliwataja pia machifu wakuu. Kwa hiyo jina ni "koja la mbinguni".

Kuna maana ya ndani zaidi, nayo ndiyo nzuri kuliko zote. Wahawaii humwita mtoto kipenzi *lei*, kwa sababu alibebwa mabegani, miguu ikining'inia kifuani mwa mzazi kama koja.

Lilivumaje?

Mwaka 1937 mwimbaji Bing Crosby aliimba "Sweet Leilani" katika filamu *Waikiki Wedding*. Wimbo huo, ambao Harry Owens alimtungia binti yake, ulishinda tuzo ya Oscar.

Kwa nini lina uzito Hawaii?

Kwa sababu majina kama hili hayakuwa huru daima: sheria ya Hawaii ya 1860 iliwataka watoto wapewe majina ya kwanza ya Kiingereza. Ya Kihawaii yakasukumwa nafasi ya pili. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1967. Lugha yenyewe, iliyoondolewa kama lugha ya kufundishia shuleni mwaka 1896, ikawa lugha rasmi ya jimbo mwaka 1978.

Linatamkwaje?

Msomaji wa Kiswahili hatapata taabu: silabi za Kihawaii, kama zetu nyingi, huishia na irabu. Tamka Lei-la-ni.