Bakteria wa Tumbo kwa Mbwa wa Nyumbani: Utambuzi na Uenezi Wake

Katika vijiji vya Mkoa wa Ruvuma, Namasakata kikiwamo, mbwa ni mlinzi wa nyumba na shamba. Hulala uani, hulamba masufuria na hucheza na watoto. Mtu anapoelezwa kwamba vidonda vyake vya tumbo vimeletwa na bakteria, mbwa huwa mshukiwa wa kwanza. Je, ni kweli?

Bakteria waliojisokota waliwahi kuonekana tumboni mwa mbwa mwaka 1893, alipowaeleza Giulio Bizzozero wa Italia. Mwaka 1982, huko Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren walifanikiwa kumwotesha maabara Helicobacter pylori kutoka tumbo la binadamu. Hao si bakteria wa aina moja. Mbwa hubeba zaidi Helicobacter felis, Helicobacter bizzozeronii na jamaa zao, H. pylori hupatikana kwao kwa nadra.

Ili kuwatambua, daktari wa mifugo humpa mbwa dawa ya usingizi, hupitisha kamera nyembamba hadi tumboni na kuchukua vipande vidogo vya utando wake. Kipande kimoja hutiwa katika kipimo chenye yurea. Kimeng'enya cha bakteria huivunja yurea na kutoa amonia, na rangi ya kipimo hubadilika. Kipande kingine hutazamwa kwa hadubini. Njia hizi huonyesha kwamba bakteria wapo. Kuthibitisha aina yao huhitaji kipimo cha vinasaba. Aidha, mbwa wengi wenye afya njema huwa nao, hivyo kuonekana kwao pekee si sababu ya kumtibu mbwa.

Inaaminika kwamba mbwa huambukizana kwa mate, matapishi au kinyesi, na watoto wa mbwa huweza kuwapata kwa mama yao. Bakteria wa mbwa wamewahi kukutwa kwa binadamu, lakini kwa wagonjwa wachache tu. H. pylori, kwa upande wake, huenea hasa kati ya mtu na mtu, mara nyingi utotoni na ndani ya familia moja.

Kwa hiyo, kumwua au kumfukuza mbwa hakuponyi vidonda vya tumbo. Mgonjwa apimwe kinyesi au pumzi. Kwa ushauri wa mhudumu wa afya, awe ameacha omeprazoli kwa wiki 2 na antibiotiki kwa wiki 4 kabla ya kipimo, la sivyo bakteria wanaweza wasionekane ilhali wapo. Akikutwa nao, amalize dozi yote, kisha apimwe tena.

Nyumbani, mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kumshika mbwa na kabla ya kula, na mbwa awe na chombo chake. Hatari kubwa zaidi itokayo kwa mbwa ni kichaa cha mbwa, nacho kina chanjo.